Karo italipwa, lakini chumba cha mwanagenzi aliyetoka makaoni kitalipwa na nani?

Na Mwandishi Wetu

MWEZI Juni mwaka 2022 serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa miaka kumi wa kubadilisha namna ya kuwatunza watoto wasio na malezi ya wazazi. Lengo la mkakati huo, unaoendelea hadi mwaka 2032, ni kuwatoa watoto katika makao hatua kwa hatua na kuwarejesha katika familia, ziwe zao wenyewe, za jamaa au za walezi wengine. Mwezi mmoja baadaye, Julai 26, Sheria mpya ya Watoto ilianza kutumika. Hatua hizo mbili zilipongezwa, na kwa haki, kwani ni muda mrefu tangu wataalamu waanze kuonya kwamba makao, hata yale yanayoendeshwa vyema, si mahali pa kumkuzia mtoto.

Hata hivyo, kuna kundi moja ambalo mjadala wa kurejesha watoto nyumbani hulipita kwa kasi. Ni la wale wasiorudi kwa mtu yeyote. Hawa wametimiza umri wa miaka 18 wakiwa bado ndani ya makao. Sheria haiwahesabu tena kuwa watoto, wafadhili waliokuwa wakituma fedha kwa jina la mtoto wameacha, na kitanda walichokilalia kinasubiriwa na mwingine. Wengi hawakupata alama za kuwaingiza chuo kikuu. Njia inayobaki ni kujifunza kazi: uashi, umeme, ushonaji, ususi, upishi, kuchomelea vyuma au ufundi wa magari. Hiyo ni njia ya heshima na nchi inawahitaji mafundi. Lakini ni nani anayemlisha kijana huyo katika miezi ambayo anajifunza na bado halipwi?

Ukizitazama fedha za umma zinazotengwa kwa mafunzo ya ufundi, utagundua kwamba karibu zote zinafuata karo. Hutoka Hazina Kuu au kwa kamati fulani, zikaenda chuoni. Ilhali kinachomfanya kijana aliyetoka makaoni aache mafunzo katikati mara nyingi si karo. Ni kodi ya chumba ya mwezi wa pili na nauli ya wiki ya sita.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba makao ya watoto nchini yana watoto kati ya 40,000 na 45,000. Tukiichukua ile idadi ya chini na kuigawa sawa kwa miaka 18 ya utoto, tunapata vijana zaidi ya 2,200 wanaofikia utu uzima kila mwaka. Hiyo ni hesabu ya kukisia tu, na huenda inapunguza, kwa kuwa watoto wengi huingia makaoni wakiwa tayari na umri wa kwenda shule. Mnamo Novemba 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya, na kwa hivyo idadi hii inatarajiwa kushuka. Lakini lazima ikumbukwe kwamba sehemu ya kushuka huko itatokana na watoto kukua, na kila anayekua anapitia lango lile lile la miaka 18.

Ili kuelewa tatizo, ni vyema kwanza kuutazama uanagenzi wenyewe ulivyo. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda inamtambua mwanagenzi wa mkataba, anayesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA) na kulipwa akiwa kazini. Huyo ana bahati. Wanaojifunza kazi kwa wingi wako kwingine, katika sekta ya jua kali, ambayo kwa mujibu wa takwimu za serikali ndiyo inayobeba zaidi ya asilimia 80 ya ajira zote nje ya kilimo cha wakulima wadogo. Huko hakuna mkataba wa maandishi. Mzazi au mjomba humpeleka kijana kwa fundi, wanaelewana juu ya ada na muda, na kazi inaanza. Badala ya kulipwa, mwanagenzi mara nyingi ndiye anayelipa, au hufanya kazi bure hadi fundi aridhike. Ikitokea siku nzuri anapewa pesa za chai.

Utaratibu huo umewazalisha mafundi hodari kwa vizazi kadhaa, na yeyote aliyewahi kupita Kamukunji akasikia milio ya nyundo juu ya mabati anajua kwamba si wa kudharauliwa. Lakini umejengwa juu ya dhana moja ambayo hakuna anayeitaja kwa sababu kila mtu anaiona ni ya kawaida: kwamba mwanagenzi hutoka nyumbani asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Kuna godoro analolilalia bila kulipa. Kuna sahani ya ugali iliyofunikwa mezani. Kuna dada wa kumkopesha nauli, na shangazi wa kumtafutia wateja wa kwanza miongoni mwa majirani. Nyundo ikipotea, yuko mtu wa kuombwa msamaha kwa niaba yake. Tukiyaweka hayo yote katika hesabu, tutaona kwamba familia za Kenya, nyingi zikiwa maskini, ndizo mfadhili mkubwa kuliko wote wa mafunzo ya ufundi nchini.

Kijana aliyetoka makaoni hana mfadhili huyo. Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 18 anayeanza kujifunza ushonaji jijini Nairobi. Chumba kimoja katika mitaa kama Kayole, Mukuru au Kawangware kinaweza kumgharimu kati ya Sh3,000 na Sh5,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba atataka kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na malipo ya dhamana kabla ya kumkabidhi ufunguo. Anahitaji jiko, sufuria na blanketi, vitu ambavyo kijana anayehama kwa wazazi huvibeba bila kuvihesabu. Anahitaji kula mara mbili kwa siku. Anahitaji mkasi, utepe wa kupimia na vitambaa vya kujifunzia. Hata akisamehewa ada yote ya mafunzo, bado hesabu yake haikai. Ndiyo maana akitokea mtu wa kumpa kibarua cha kuosha nguo au kuuza dukani kwa malipo ya siku, ataenda, na cherehani itamsubiri mwenye shangazi. Kwake huo si uvivu, ni hesabu sahihi kabisa.

Kuna mengine mabaya zaidi yanayoweza kumfuata msichana asiye na pa kulala, na wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kuelezwa.

Si kwamba serikali haijafanya lolote. Mwaka 2018 ilibuni mpango ambao karo ya chuo anuwai iliwekwa kuwa Sh56,420 kwa mwaka, serikali ikalipa Sh30,000 kwa kila mwanafunzi, na sehemu iliyobaki, Sh26,420, mwanafunzi akaruhusiwa kuikopa kutoka kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB). Idadi ya wanaojiunga na vyuo hivyo iliongezeka sana. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanzishwa mwaka 2023 ukataka kiwango cha msaada kilingane na hali ya familia ya mwanafunzi. Kwa nadharia, kijana asiye na familia angekuwa wa kwanza kwenye foleni.

Lakini fomu ndiyo inayomkwamisha. Fomu za mikopo na basari huuliza kazi ya baba, mapato ya mama, idadi ya ndugu walio shuleni. Anayesema ni yatima hutakiwa cheti cha kifo cha mzazi. Sasa yule aliyeokotwa akiwa mchanga ataleta cheti cha kifo cha nani? Na yule ambaye mama yake yu hai lakini hajulikani aliko, kama ilivyo kwa wengi, kwani sehemu kubwa ya watoto wa makaoni wana angalau mzazi mmoja au jamaa aliye hai, ajiandike kuwa nani? Kabla hata ya kufika kwenye fomu, kuna kitambulisho cha kitaifa. Ili kukipata, kijana huulizwa cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Makao yaliyokuwa makini humtengenezea mtoto hati hizo mapema. Yasiyo makini humwachia aanze safari ya kwenda kwa chifu akiwa na barua ya meneja na begi mkononi.

Basari za Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge (NG-CDF) zina tatizo lingine. Zimesaidia wanafunzi wengi, lakini kwa kawaida mwombaji ni mtu anayejulikana mahali fulani, mwenye mzazi mkazi wa eneobunge hilo na mzee wa mtaa wa kumthibitishia. Kijana aliyezaliwa kaunti moja, akalelewa katika makao ya kaunti ya pili, na sasa anajifunza kazi katika kaunti ya tatu, ni mgeni kote kote. Na hata akifaulu, hundi huandikwa kwa jina la shule au chuo. Fundi wa jua kali hana akaunti inayotambuliwa na kamati ya basari, na mwenye nyumba wa Mukuru ndiyo kabisa.

Mradi uliokaribia zaidi kuligusa tatizo ni ule uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia mwaka 2016 kwa dola milioni 150, uliojulikana kwa kifupi kama KYEOP. Vijana wenye umri wa miaka 18 hadi 29 walipewa mafunzo, baadhi wakawekwa chini ya mafundi stadi wa jua kali, na wakalipwa posho ya Sh6,000 kwa mwezi. Hapo mradi wa serikali ulikubali kwamba anayejifunza kazi anakula. Mradi uliourithi, NYOTA, ulianza kutoa fedha mwaka 2025, na sehemu yake iliyovuma sana ni ile ya mtaji wa Sh50,000 kwa vijana 70 katika kila wadi.

Pamoja na sifa zake, miradi hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, Sh6,000 ni posho ya kumwongezea kijana mwenye mahali pa kulala. Kwa asiye na mahali, inaishia kwa mwenye nyumba na chakula cha wiki moja. Pili, miradi hii inapigiwa kura kwa kubahatisha miongoni mwa maelfu ya waombaji, kwa wadi, na kwa ratiba ya wafadhili. Kijana wa makaoni hachagui tarehe ya kutimiza miaka 18. Akiitimiza mwezi ambao mradi umefunga milango, imepita. Haki inayotegemea ratiba ya mkopo wa Benki ya Dunia haijawa haki bado.

Ni kwa sababu hiyo inafaa kutazama jinsi jambo hili lilivyoshughulikiwa Uingereza, hasa England, ambako malezi ya watoto wasio na wazazi ni wajibu wa mabaraza ya serikali za mitaa. Huko sheria ya mwaka 2000 iliyaamuru mabaraza hayo yaendelee kumsaidia kijana baada ya kutoka mikononi mwao, na sheria nyingine ya mwaka 2017 ikampa haki ya kuwa na mshauri wake binafsi hadi afikishe umri wa miaka 25. Kwa wale wanaochagua uanagenzi, serikali ilianzisha basari maalumu mnamo Agosti 2018: pauni 1,000, zinazolipwa mara moja kwa kijana wa miaka 16 hadi 24 aliyelelewa chini ya baraza. Agosti 2023 ikaongezwa hadi pauni 3,000, takriban nusu milioni kwa shilingi za Kenya. Kando na hizo, mwajiri anayempokea kijana huyo hupewa pauni 1,000, na chuo kinachomfunza kikapewa kiasi kama hicho.

Kuna mambo matatu katika mpango huo yanayostahili kuigwa. La kwanza, fedha ni za kijana. Hazina karo ndani yake, kwani mafunzo yamekwisha kulipiwa kwa njia nyingine. Zimekusudiwa kumwezesha kuvuka mwaka wa kwanza wa kuishi peke yake, iwe ni viatu vya kazi, kodi au nauli ya basi. La pili, anayempokea kijana naye anatambuliwa kwamba ana gharama. La tatu, mlango hauzibwi siku ya kutimiza miaka 18. Aliyechelewa kujielewa, akaja na miaka 22 akitaka kuwa fundi umeme, bado yumo.

Lakini kuna jambo moja ambalo tukiliiga kama lilivyo, tutauharibu mpango mzima kabla haujaanza. Basari ya England hailipwi siku ya kwanza. Hulipwa baada ya kijana kutimiza siku 60 katika uanagenzi, na tangu ilipoongezwa hutolewa kwa awamu. Mantiki yake ni kuhakikisha kwamba ameanza kweli na hajatoweka. Jambo hilo linawezekana kule kwa sababu mwanagenzi wa England ni mwajiriwa. Kwa mujibu wa sheria hulipwa mshahara tangu siku ya kwanza, na kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mwanagenzi kilikuwa pauni 7.55 kwa saa. Ni kidogo kikilinganishwa na pauni 12.21 alizostahili mfanyakazi wa kawaida wa miaka 21 na zaidi wakati huo huo, na wakosoaji wamelalamika kuhusu pengo hilo. Hata hivyo ni mshahara. Mtu mwenye mshahara anaweza kusubiri siku 60.

Mwanagenzi wa Kariobangi hawezi. Siku hizo 60 ndizo siku ambazo hapati kitu, hajui kazi, fundi hajamzoea, na akiba yoyote aliyopewa na makao imeishia kwenye dhamana ya chumba. Ndizo siku anazoacha. Basari itakayomfikia siku ya 61 itawakuta wale ambao wangefaulu hata bila hiyo. Kwa mazingira ya Kenya utaratibu unapaswa kugeuzwa: sehemu kubwa zaidi itolewe mwanzoni, kabla ya kijana kuondoka makaoni, ikihusu chumba na vifaa, kisha posho ya kila mwezi ifuate kwa kiwango kinachopungua kadiri anavyoanza kulipwa na fundi.

Wenzao wa Wales walikwenda mbali zaidi. Kuanzia Julai 2022 serikali ya huko iliwapa vijana zaidi ya 600 waliotimiza miaka 18 wakitoka katika malezi ya umma pauni 1,600 kwa mwezi, kabla ya kodi, kwa miaka miwili, bila masharti ya kusoma au kufanya kazi. Hilo lilikuwa jaribio, na Kenya haina uwezo nalo. Nimelitaja kwa sababu linaonyesha kwamba hata katika nchi tajiri yenye nyumba za umma na ruzuku za kila aina, watu walifikia hitimisho kwamba kijana asiye na wazazi hukwama kwanza kwa kukosa fedha taslimu. Na ni vyema pia kusema upande wa pili: pamoja na yote hayo, takwimu za England za mwaka 2023 zilionyesha kwamba karibu vijana wanne kati ya kila kumi wa umri wa miaka 19 hadi 21 waliolelewa chini ya mabaraza hawakuwa masomoni, mafunzoni wala kazini. Basari pekee haimfanyi mtu kuwa fundi.

Wapo watakaouliza, na swali lao ni la haki, kwa nini vijana hawa wapewe ilhali nchi imejaa vijana maskini wanaolala na njaa wakiwa na wazazi wao. Jibu halihusu nani ana dhiki zaidi. Linahusu nani aliyechukua wajibu. Kisheria mtoto huwekwa makaoni kwa amri ya mahakama na chini ya usimamizi wa afisa wa watoto. Kuanzia siku hiyo dola ndiyo iliyosema kwamba itaamua alale wapi na asome wapi. Sheria zetu zenyewe zinakubali kwamba malezi hayaishi ghafla, kwani mahakama inaweza kurefusha wajibu wa mzazi kupita umri wa miaka 18 panapokuwa na sababu maalumu. Mzazi wa kawaida anaweza kushtakiwa ili aendelee kumlipia mwanawe mafunzo. Mzazi huyu mwingine, ambaye ni serikali, anaaga kwa tarehe.

Wala si kwamba wajibu huu haukuandikwa. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka vijana wanaotoka makaoni wapewe nafasi za elimu na mafunzo ya ufundi ili waweze kujitegemea. Mwongozo wa Kenya wenyewe wa mwaka 2014 ulizungumzia maandalizi ya kuondoka na hata aina ya malezi ambayo kijana anaishi peke yake chini ya uangalizi. Maneno yapo. Kinachokosekana ni fungu la fedha lenye jina lake katika bajeti.

Hoja nyingine inayotolewa ni kwamba kijana wa miaka 18 akipewa fedha mkononi atazifuja. Baadhi watazifuja, kama baadhi ya wanafunzi wa chuo kikuu wanavyofanya na mikopo ya HELB kila muhula, na hakuna aliyependekeza mikopo hiyo ifutwe. Kutoa kwa awamu, kupitia simu, baada ya fundi na afisa wa watoto kuthibitisha kwamba kijana yuko kazini, kunatosha kuzuia sehemu kubwa ya ubadhirifu.

Hatari kubwa zaidi iko mahali pengine, na haizungumzwi vya kutosha. Ukitangaza kwamba kila aliyetoka makaoni atapewa fedha za kuanzia maisha, unaweza kuwashawishi wazazi maskini kumpeleka makaoni kijana wa miaka 16 aliyekuwa nyumbani kwake salama, na kuwashawishi wenye makao kumpokea. Katika nchi ambayo baadhi ya makao yamewahi kulaumiwa kwa kukusanya watoto ili kuvutia wafadhili, hilo si wazo la kufikirika tu. Kinyume chake nacho ni kibaya: kijana aliyerejeshwa kwa bibi yake akiwa na miaka 15, kama mkakati wa 2022 unavyotaka, atajikuta amepoteza basari ambayo mwenzake aliyebaki makaoni anaipata. Tutakuwa tumemwadhibu kwa kurudi nyumbani.

England ilikabiliana na upande mmoja wa tatizo hilo kwa kuweka muda: kwa kawaida haki za kijana anayeondoka huanzia kwa yule aliyekuwa chini ya baraza kwa jumla ya wiki zisizopungua 13 tangu alipotimiza miaka 14. Kenya inaweza kuweka muda mrefu zaidi, tuseme mwaka mmoja, unaothibitishwa na amri ya mahakama na wala si barua ya meneja wa makao, na kuhesabu kwa usawa aliyekuwa makaoni, aliyerejeshwa kwa jamaa, aliye kwa mlezi wa kambo na aliyelelewa chini ya kafala, malezi ya Kiislamu ambayo Sheria ya Watoto ya 2022 sasa inayatambua. Amri hiyo ya mahakama ndiyo ingekuwa hati yake ya kudumu. Badala ya kuulizwa cheti cha kifo cha mzazi katika kila ofisi, angeonyesha hiyo.

Kuhusu gharama, hebu tukokotoe kwa kalamu. Tuseme nusu ya wale 2,200 wanachagua kujifunza kazi, yaani vijana 1,100 kwa mwaka, na kila mmoja anapewa wastani wa Sh10,000 kwa mwezi kwa miezi 12. Jumla ni Sh132 milioni. Kiasi hicho ni chini ya wastani wa fedha ambazo eneobunge moja lilitengewa na NG-CDF katika mwaka wa fedha wa 2023/24, na maeneobunge ni 290. Tukiongeza malipo kwa mafundi na gharama za usimamizi, bado ni tarakimu ambayo katika makadirio ya serikali huandikwa bila kuzua mjadala, kwa mfano kwenye safari na vitafunio.

Chanzo kingine kinachofaa kutazamwa ni ushuru wa mafunzo ya viwanda, ile Sh50 ambayo kila mwajiri hutozwa kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Ushuru huo ulikusudiwa kugharamia ujuzi, na waajiri wenye maafisa wa kujaza fomu ndio wanaorejeshewa gharama za mafunzo kwa urahisi. Hakuna sababu ya msingi ya kuzuia sehemu yake kumlipa fundi wa Kamukunji aliyekubali kumfunza kijana asiye na mjomba wa kumwombea. Fundi huyo angelipwa awamu ya mwisho mwanagenzi wake anapofanya mtihani wa ufundi wa daraja la tatu wa NITA. Hapo pande zote zingekuwa na sababu ya kumaliza walichoanza: kijana ana cheti kinachotambuliwa, na fundi ana malipo yake.

Kuwategemea wafadhili wa nje kwa jambo hili imeonekana kuwa ni hatari. Mageuzi ya malezi nchini yalisukumwa kwa kiasi kikubwa na mashirika yaliyokuwa yakipata fedha kutoka Marekani, na mwaka 2025 shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilifungwa. Makao nayo, kadiri yanavyopunguza watoto, yanapoteza wafadhili wa kigeni waliokuwa wakimlipia kijana mmoja mmoja ada ya chuo kwa hiari yao. Kwa maneno mengine, msaada mdogo uliokuwepo unapungua wakati ule ule ambao idadi ya wanaoondoka inaelekea kupanda.

Kalenda ya bajeti inajulikana. Kila mwaka Hazina Kuu hutakiwa kuwasilisha bungeni taarifa ya sera ya bajeti kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Baada ya kila moja ya tarehe hizo mbili kamati za Bunge hukaa na wizara, na wananchi huruhusiwa kutoa maoni. Vijana waliopitia makaoni wana chama chao, Kenya Society of Care Leavers, ambacho kimekuwa kikipaza sauti kuhusu hati na malazi. Wanachohitaji kupeleka mbele ya kamati ni ukurasa mmoja wenye tarakimu tatu: vijana wangapi wataondoka mwaka ujao, chumba ni shilingi ngapi, na fundi anataka kiasi gani. Maafisa wa watoto katika kaunti wanayo majina ya wale watakaotimiza miaka 18 kabla ya Desemba.